Kwetu ni kambini. Je, nawadanganya wanangu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimezaliwa mwaka 1976 kwenye kambi ya shamba la mkonge, kati ya Pongwe na Muheza. Babu alitoka Njombe akiwa kijana, akaja kukata mkonge, hakurudi tena. Baba alikuwa mtu wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge yatoe nyuzi, mpaka alipofariki, akazikwa palepale kambini. Shamba lilipofungwa nilikuwa darasa la tano, mama akatuchukua tukahamia Mwanza, ndiko niliko hadi leo. Wanangu wawili wananiuliza kwao ni wapi. Nawaambia upande wa mama ni Tanga. Mume wangu hapendi. Anasema kambi haiwi kwao mtu, kwetu ni Njombe alikotoka babu, na mkataa kwao ni mtumwa. Mwaka jana nilipita kwa basi, nikaona vichaka vitupu. Je, nawadanganya watoto? Na kuna maana gani kuwapeleka kuona vichaka?
Mama wa wawili, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujawadanganya. Kwenu ni pale.

Methali aliyoisema mumeo ni ya kweli, ila kaishika kwenye makali. Mkataa kwao ni yule anayeulizwa akaona haya kutaja. Wewe unataja, tena mbele ya mtu asiyependa kusikia. Na kuitaja Tanga si kuikataa Njombe. Hapo hapo kwenye barua yako umemtaja babu yako na alikotoka.

Tena huo mkonge wenyewe, nani aliyeuleta hapa? Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida, ukapitia Hamburg, na katika miche elfu moja iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Leo mtu akisema Tanga, mwenzake anajibu mkonge. Ikiwa mmea wa ng'ambo umekuwa wa Tanga, wewe uliyekatwa kitovu kambini utakuwaje mgeni?

Wazee wako waliitwa manamba, kwa ile namba aliyopewa kila mmoja. Walikuja Wabena, Wangoni, Wamakonde, Warundi, kila mtu na lugha yake. Walikata majani, wakayafunga 30 kwa kila mzigo, siku ikiisha kipande, yaani kadi ya kazi, kikatiwa alama. Kipande kilikuwa cha siku 30 na walipewa siku 42 kukijaza. Watoto wao wakakutana chini ya nyaya za kuanikia katani, nyuzi za mkonge. Mtoto wa Mbena na mtoto wa Mrundi walisemeshana kwa lugha gani? Kwa hii uliyoniandikia. Nimeisoma barua yako mara tatu, mwanangu, na Kiswahili chake ni cha huku kwetu. Hukukipata Mwanza.

Sasa nikwambie langu. Mie nimezaliwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, nyumba ya kupanga, vyumba sita na ukumbi katikati, uani kisima. Tulihama nikiwa na miaka kumi na minne, mwenye nyumba alipouza. Miaka mingi nikipita barabara ile nageuza uso upande wa pili. Nyumba ilivunjwa, pakajengwa duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja mvua ikanikamata pale pale mlangoni, nikaingia. Nikamwambia kijana wa dukani kwamba nililala humu utotoni. Akanipisha, akanipeleka nyuma, kwenye mifuko ya saruji. Kisima kipo! Kimefunikwa kwa zege, na juu yake wameweka mizani ya kupimia misumari. Nikainama nikapapasa ukingo. Ni wa jiwe la matumbawe, na una mifereji, saba au minane, myembamba, kidole kinaingia. Hiyo imechorwa na kamba ya ndoo. Mama akivuta, mie nikivuta, wapangaji wote wakivuta, asubuhi na jioni, kamba ikila jiwe kidogo kidogo. Na kamba yenyewe ilikuwa ya katani. Kabla haijawa kamba, jani lake lilipita kwenye korona, mikononi mwa watu kama baba yako, katikati ya makapi ya kijani na maji yenye ile harufu ambayo hata sabuni haiitoi. Kilo mia za majani hutoa katani kilo nne hivi. Nililia pale dukani, na kijana yule akanivutia ndoo nikae.

Basi wapeleke. Usiwaambie mnakwenda kuona kambi, maana watatafuta nyumba wasizione. Waambie mnakwenda kwa babu yao. Kaburi la baba yako liko chini ya vichaka hivyo, na hilo peke yake linatosha nauli ya watu wanne. Nasema wanne kwa sababu na mumeo aje. Akishafyekea kaburi la mkwewe kwa mkono wake, sidhani kama ataendelea kusema pale hapakuwa kwenu.

Usiingie moja kwa moja. Mashamba mengi yamepata wenyewe wapya, kwa hiyo fika kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, useme wewe ni binti wa nani na baba alifanya kazi gani. Mtaje na mama, kwani wazee wengi huwakumbuka wanawake zaidi. Akuitie mzee mmoja aliyebaki, yeye ndiye atakayejua makaburi yalianzia wapi. Kama bado kuna nyaya za katani zinazotumika, omba singa kidogo, zile nyuzi ndefu, uwasukie wanao, kama mlivyokuwa mkisukia wanasesere wenu. Vidole vyako vitakumbuka.

Usiende masika. Nenda mwezi wa saba au wa nane, nyasi zikiwa zimelala. Panga linoeni huko huko Mwanza, chokaa mtanunua Muheza, na machungwa ya njiani mnunulie hapo hapo. Ukirudi niandikie, na unitajie jina la baba yako nimsomee dua.