Kabla hujalipia Canter ya boksi, ingia ndani ufunge mlango

Wiki iliyopita tulimaliza kufua mazulia ya msikiti mmoja mkubwa hapa Dar, kazi ya kuelekea Ramadhani ambayo zamani nilikuwa naisikia tu ikienda kwa watu wenye majina. Niliweka picha, na watu badala ya kuangalia zulia wakaangalia gari, lori langu dogo la Canter lenye boksi. Tangu siku hiyo meseji haziishi: "Dada, hilo boksi ulilipata wapi, na mimi nichukue lipi?" Mmoja yuko Dodoma, anataka kuosha masofa na magari majumbani. Ameshaonyeshwa Isuzu Elf mbili na dalali anamharakisha. Najibu wote hapa kwa pamoja, maana simu inachosha.

Tuelewane jambo moja kwanza. Mtu wa mizigo gari likimfia njiani anakodi jingine, anahamisha mzigo, safari inaendelea. Sisi wa huduma hatuna nafasi hiyo. Matangi, jenereta, mashine za kunyonya maji, mipira, sabuni, vyote vimefungwa ndani ya boksi. Gari likilala gereji, biashara nzima imefungwa, na mama aliyetoa masofa yake barazani tangu asubuhi hataki kusikia habari za nozeli. Kwa hiyo mimi sikutafuta gari zuri. Nilitafuta gari ambalo likinizimikia Mbagala saa nne asubuhi, jioni liwe linatembea.

Ndiyo maana nikachukua Canter ya zamani yenye injini ya 4D33, lita 4.2, haina turbo, pampu ya dizeli ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kubembeleza. Spea zake Kariakoo zimejaa, na fundi wa chini ya mwembe anaifungua akiwa anapiga soga. Kwa Elf, 4HF1 ya lita 4.3 na 4HG1 ya lita 4.6 ni za namna hiyo hiyo. Magari ya miaka ya karibuni yenye komoni reli, yaani dizeli inapulizwa kwa kuongozwa na kompyuta, yana nguvu na hayali mafuta sana, sikatai. Lakini yanadai dizeli safi na fundi mwenye mashine ya kupimia. Mengi ya yanayotoka Japani yana pia chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi, na ili yaungue ekzosi lazima ipate moto wa kutosha. Gari la kushinda kwenye foleni na kusimama nyumba hadi nyumba moto huo haliupati, chujio linaziba.

Nilichekwa, lakini. Kuna ndugu aliniuliza mbele ya watu kama hilo gari nimelinunua au nimeliokota. Mwenzangu tuliyeanza naye kazi alichukua la kisasa, linang'aa, na akapiga nalo picha za kutosha. Mwaka huu amenipigia simu mara nyingi kuomba nimsaidie wateja wake kwa sababu lake liko juu ya mawe. Nawapokea. Sifurahii mabaya ya mtu. Ila yule ndugu bado hajafuta kauli yake.

Sasa uzito, maana hapa ndipo wengi wa kazi zetu hawapigi hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima kabla hujapakia jenereta, vijana watatu na mazulia yaliyolowa. Nyuma ya malori mengi ya Japani kuna maandishi ya Kijapani yenye namba kama 2000kg au 3000kg. Hiyo ndiyo kilo ya juu kabisa ya mzigo, likiwa na bodi lililotoka nalo kiwandani. Kama boksi limebadilishwa hapa nchini, namba hiyo isahau. Mimi sikuweka tangi moja kubwa. Niliweka mawili ya lita 500, nikayakalisha upande wa kabini, na tunamaliza moja ndipo tufungue la pili. Tangi kubwa likifika nusu, maji yanakwenda mbele na kurudi kila ukishika breki, na kwenye kona gari linalala kama ngalawa. Ukipata kazi Morogoro kumbuka pia kuna mizani pale Vigwaza.

Boksi lenyewe nilichukua lililokuwa la gari la friji. Mashine ya friji tukaing'oa na kuiuza, gari likapungua uzito. Sakafu ya boksi kavu la kawaida mara nyingi ni mbao, na maji yetu yataila. La friji sakafu yake imetengenezwa kumwagiwa maji, ina pia tundu la kuyatolea. Ubaya wake ni ukuta wenye tabaka la foamu ndani: ukipasuka maji yanaingia, foamu inalowa, na unabeba uzito usiouona. Vua viatu, kanyaga kila pembe kwa kisigino. Pakibonyea, hapo chini kumeoza. Gonga ukuta kwa vidole kuanzia chini kwenda juu, utasikia sauti inavyobadilika palipojaa maji.

Halafu ingia, mwambie mtu akufungie mlango, ukae humo gizani dakika kadhaa macho yazoee. Kila nukta ya mwanga utakayoiona darini ni mahali mvua ya masika itakapopita. Mimi niliona nukta tatu karibu na kona ya mbele, pale tawi la mti lilipokwaruza. Nikatoka nazo kama hoja ya kupunguza bei.

Na hapo kwenye bei ndipo bado pananiuma. Dalali wa yadi ile, muda wote, mimi nauliza yeye anamjibu dereva wangu. Nauliza mara ya mwisho injini ilifunguliwa lini, anamgeukia yule baba: "Mzee, hii chuma haijaguswa." Nauliza kadi, anamwonyesha yeye. Mwisho dereva akachoka, akamwambia, "Ndugu yangu, mimi naendesha tu. Mwenye hela ni mama huyu." Hata baada ya hapo, risiti aliandika jina la dereva, ikabidi aichane aandike nyingine. Dada zangu, msikubali kupelekewa mume au kaka ndiyo mheshimiwe. Jifunzeni maneno mawili matatu ya gereji, yanatosha kumnyamazisha mtu.

Fika injini ikiwa ya baridi. Ukikuta wameshaipasha moto, rudi kesho asubuhi. Ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa kusukuma, pistoni zimechoka. Piga jeki mbele, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, kingpini (pini ambazo tairi la mbele hugeukia) au bearing zimeisha. Chesisi iliyopakwa rangi nyeusi mbichi igonge kwa spana, hasa kama gari lilitoka upande wa kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ukitaka sakafu ya chini, zile zenye tairi ndogo nyuma, ni raha kwa vijana wanaopanda na kushuka siku nzima, ila matuta ya mitaani yatakugusa tumbo. Pima na urefu wa boksi kwenda juu. Kuna maghorofa Masaki ambayo maegesho yake ya chini hatuingii, tunavuta mipira kutoka barabarani.

Mwisho kadi. Linganisha namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, na namba ya injini vivyo hivyo, maana injini nyingi zimeshabadilishwa bila TRA kuambiwa. Angalia na madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, kisha badilisha umiliki wiki hiyo hiyo uliyolipa, kwa jina lako wewe.