Margaret Chan ni daktari, na mafua ya ndege aliyakabili kabla ya 2009

Wapo wanaodai kwamba Chan, aliyeongoza Shirika la Afya Duniani (WHO) wakati wa janga la mafua ya nguruwe la 2009, alikuwa mwanasiasa aliyepachikwa tu pale. Hapana ssebo, hakuwa hivyo. Alisomea udaktari Kanada, akahitimu 1977. Virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vilipoanza kuua watu Hong Kong mwaka 1997, yeye ndiye alikuwa Mkurugenzi wa Afya kule: waliugua 18, wakafa 6. Kuku wa mji mzima, kama milioni 1.5, wakaangamizwa ndani ya siku chache, na wagonjwa wapya wakakoma. Kwa haki, uamuzi ule ulikuwa wa serikali nzima, si wake peke yake.

WHO aliingia 2003, na 2005 akakabidhiwa maandalizi ya janga la mafua. Ukurugenzi Mkuu wa WHO aliushika Januari 2007.

Nafundisha wauguzi Mbale, Uganda, na somo la maradhi yanayotoka kwa mifugo naanza na Hong Kong hiyo hiyo. Wanafunzi wanaielewa upesi, maana Januari 2017 wavuvi wetu walikuta ndege wa porini wamekufa pale Lutembe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na sampuli zikapimwa Entebbe: mafua ya ndege.