Vizuizi vya protiezi na uvimbe wa utumbo mpana kwa panya

Umeuliza kama ni kweli kwamba soya ina kitu kinachozuia uvimbe wa utumbo mpana, yaani ukuaji usio wa kawaida wa seli unaoweza kuwa saratani. Kwa panya wa maabara, ndiyo. Kitu chenyewe ni kizuizi cha Bowman-Birk, protini ndogo yenye asidi amino 71, ambayo upande wake mmoja hukizuia kimeng'enya cha tripsini na upande wa pili hukizuia kimotripsini; vyote viwili ni protiezi, yaani vimeng'enya vinavyovunja protini. Mtafiti Ann Kennedy na wenzake nchini Marekani waliwapa panya dimethilihidrazini, kemikali inayosababisha uvimbe wa utumbo mpana, na wale waliochanganyiwa kizuizi hicho katika chakula walipata uvimbe kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wenzao. Kinachonivutia zaidi ni kwamba upande wa tripsini ulipoharibiwa kwa makusudi, kinga ya utumbo ilibaki, lakini protini nzima ilipoharibiwa kwa joto kali, kinga hiyo ilitoweka. Kwa hiyo inaelekea kazi kubwa hufanywa na upande wa kimotripsini.

Tafadhali usianze kula soya mbichi kwa sababu ya matokeo haya. Panya wa aina nyingine, wenye miili mikubwa zaidi (rats), waliolishwa unga wa soya mbichi kwa muda mrefu walivimba kongosho, na baadhi yao wakapata uvimbe humo, kwa kuwa tripsini inapozuiwa, mwili hutoa homoni ya kolesistokinini kwa wingi na kulichochea kongosho bila kupumzika. Chemsha soya yako vizuri, na kama unaona damu kwenye choo, nenda hospitali upimwe badala ya kutegemea soya.