Mahindi matamu kutoka na mapengo na kukosa sukari: yalinipata pia, Nakuru

Dada wa Mamboleo, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema ulipanda suitikoni, yaani haya mahindi matamu, laini mbili ndefu kando ya ua, ukaweka mbolea, ukamwagilia, na bado mahindi yametoka na mapengo, alafu hata yale yaliyojaa ukichemsha ladha ni ya mahindi ya githeri tu. Pole sana. Mimi hio ilinipata hapa Kiamunyi msimu wangu wa kwanza na nilirudi kwa agroveti nimekasirika nikisema nimeuziwa mbegu feki. Mbegu ilikuwa sawa kabisa, kosa lilikuwa venye nilipanda na wakati niliopanda.

Mapengo kwanza. Zile nywele zinazochungulia juu ya hindi, kila unywele umeshikana na punje yake moja huko ndani, na ukikosa kuangukiwa na unga wa mbelewele (yale maua ya juu kabisa ya shina) hio punje haitokei, inabaki shimo. Unga wenyewe unabebwa na upepo, si nyuki. Sasa wewe umepanda laini mbili tu, upepo ukipita ubavuni unga wako wote unaishia barabarani. Panda kwa kipande cha mraba, laini fupi fupi, zisipungue 4. Kwangu ni kama mita 3 kwa 3, laini 5, sentimita 75 kati ya laini na 30 kati ya shina na shina, na hapo nimepata mahindi yamejaa mpaka ncha. Na ukiona mbelewele zimefunguka, asubuhi umande ukishakauka pita katikati utikise mashina polepole, utaona vumbi la njano likishuka kwa nywele za chini. Fanya hivo siku 4 au 5 mfululizo, inasaidia sana haswa kama shamba ni dogo.

Sasa utamu, na hapa ndo watu wengi wanaumia bila kujua. Mahindi matamu yakiangukiwa na unga wa mahindi ya kawaida, punje iliyoguswa inajaa wanga hapo hapo, msimu huo huo, haingoji kizazi kijacho. Mimi niliamini siku nilisahau hindi moja kwa dirisha la jikoni likakauka. Nilipoliangalia karibu, punje zingine zilikuwa zimekunjamana kama ngozi ya mzee na unaweza kuona mwangaza ukipita, na katikati yake kulikuwa na zingine nono, laini, zimejaa, hazina hata mkunjo mmoja. Zile zilizokunjamana ndo zangu. Zile nono zilitoka kwa shamba la jirani.

Jirani yangu hupanda H614, mahindi ya kawaida, mvua ya Machi ikianza, na hio mbegu inachukua muda mrefu sana huku juu. Mimi nilichelewa nikapanda mwisho wa Aprili. Mahindi matamu ni ya haraka, kwangu yalitoa mbelewele baada ya miezi 2 na siku kidogo, kwa hivo tulikutana palepale, zake zikifunguka nywele zangu nazo ziko nje zinangoja. Mwaka uliofuata nikapanda mapema na maji ya tangi kabla ya mvua, yangu yakawa yameshamaliza kupokea unga na ya jirani bado ni mabua tu. Utamu ulirudi wote. Kwa hivo usikimbilie kubadilisha mbegu, enda kwa jirani muulize kwa heshima amepanda aina gani na siku gani, alafu upange yako ili mbelewele zipishane kama wiki 3 hivi. Huko kwenu Kisumu ni joto, mahindi hukimbia kuliko huku, kwa hivo usichukue tarehe zangu, hesabu zako. Na usichanganye aina mbili tofauti za suitikoni kwa kipande kimoja, zingine zikipandana pia zinapoteza utamu.

Mbegu ya suitikoni ni nyembamba, imesinyaa, haina akiba ya chakula kama ile ya kawaida, kwa hivo usiizike ndani sana, sentimita 2 hadi 3 inatosha, na udongo usiwe baridi wala wa kutuama maji la sivyo itaozea hapo. Mbolea ya kupandia ni kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, changanya na udongo isiguse mbegu. CAN, ile mbolea ya kukuzia, weka mahindi yakifika magotini.

Viwavi jeshi usiwachukulie poa, tangu wafike Kenya 2017 hawajatuacha. Mimi kila jioni naangalia kwa moyo wa mmea, nikiona kinyesi kama unga wa mbao najua yuko ndani, namtoa kwa mkono namponda. Mayai yake hukaa kwa kijumba kidogo chenye manyoya kwa jani, hayo ukiyafuta mapema umeokoa mengi. Kwa kipande kidogo mkono unatosha ukiwa na bidii.

Kuvuna, usingoje yakauke kama ya kawaida. Nywele zikishakuwa kahawia na zimekauka, kama wiki 3 tangu zitoke, fungua ganda kidogo juu utoboe punje moja na ukucha. Ikitoa maji maji funika urudi baada ya siku 2, ikitoa maziwa vuna, ikiwa kama uji mzito umechelewa. Ukishakata, sukari inaanza kugeuka wanga, zile aina za zamani ndo mbaya zaidi, jioni moja tu unaisikia tofauti. Mama yangu alikuwa ananiona mwendawazimu, naweka sufuria jikoni kwanza, maji yakianza kuchemka ndo natoka na kisu kuelekea shambani. Dakika 5 yanatosha, si ile saa nzima ya mahindi ya kawaida. Siku alionja la kwanza lenye limejaa vizuri aliuliza nimeweka sukari ngapi kwa maji.

Ukipata nafasi tuambie ua wako umepakana na shamba la nani na upepo wa kwenu mchana unatoka upande gani, tuone utapanda kona ipi.