Barua kwa Mwanangu: Mashine ya Theluji Hupimwa kwa Njia Itakayopita

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kusikia kwamba mmekwisha kuhamia katika nyumba yenu. Umeniuliza ununue mashine ipi ya kuondolea theluji, ile ndogo ya umeme ambayo mtu huinyanyua bila taabu, au ile kubwa ya petroli inayojiendesha kwa magurudumu yake. Tena umenieleza kwamba njia yenu ya gari ina urefu wa mita 15 na upana wa mita 4, na kwamba nusu ya juu imesakafiwa kwa saruji ilhali nusu ya chini ni kokoto tupu zinazoteremka hadi barabarani. Sehemu kubwa ya jibu imo katika maelezo hayo ya kokoto na mteremko, nami nataka uelewe sababu yake kabla hujakutana na wauzaji, ambao aghalabu huanza na nguvu za injini.

Mashine ndogo uliyoiona ni ya hatua moja. Ina parafujo moja pana yenye kingo za mpira, na parafujo hiyo hiyo ndiyo inayozoa theluji na kuirusha nje kupitia bomba. Kwa kuwa kingo zake hugusa sakafu, huacha saruji au lami ikiwa safi kabisa, na kwa theluji nyepesi isiyozidi sentimita 20 hivi sijaona chombo chepesi kuliko hicho. Lakini kwenye kokoto, kinachogusa ardhi huzoa mawe, na mawe hayo hurushwa kwa kasi ile ile ya theluji. Jambo hili nililijua kwa hasara. Wewe ulipokuwa bado mchanga, muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba mashine ya aina hiyo ingefaa mahali popote, nami nikaipitisha kwenye kokoto zetu. Jiwe moja likavunja kioo cha dirisha la sebule. Ulikuwa umelala chumba cha nyuma, na hadi leo nashukuru.

Mashine ya hatua mbili, kama ile kubwa ya petroli, hugawanya kazi. Parafujo ya chuma iliyo mbele huvunja theluji na kuisogeza katikati, kisha pangaboi lililo nyuma yake huipokea na kuirusha mbali. Parafujo hiyo haigusi ardhi, kwa sababu kasha lake limeegemea viatu viwili vya chuma pembeni, ambavyo hulegezwa kwa spana na kupandishwa au kushushwa. Kwa upande wa kokoto, weka kasha juu ya ardhi kwa sentimita 2 hadi 3, ukubali kuacha utando mwembamba wa theluji. Ukishindilika, utazifunika kokoto na kuzizuia zisizolewe. Kwenye saruji utabakiwa na utando huo huo, nao utaukwangua kwa beleshi.

Sababu ya pili ni uzito. Theluji ya sentimita 20 katika njia yenu ni mita za ujazo 12. Ikiwa ni kavu na imeanguka punde, mita moja ya ujazo yaweza kuwa na kilo 100 hivi, yaani tani 1.2 kwa jumla. Ikiwa imelowa, yaweza kufika kilo 300, na hapo unasogeza zaidi ya tani 3. Tena kuna kile kinachowachosha watu kuliko yote, nalo ni tuta ambalo gari la kusafisha barabara huliacha mdomoni mwa njia baada ya wewe kumaliza kazi. Theluji ya tuta hilo imeshindiliwa, imechanganyika na mabonge ya barafu, na ikikaa usiku kucha huwa ngumu mithili ya jiwe. Mashine ndogo hurukaruka juu yake bila kuuma, nawe ungerudi kwenye beleshi, na mgongo wako naujua.

Kwa hiyo nunua ya hatua mbili, yenye upana wa sentimita 60 hivi. Pana zaidi ya hapo ni nzito kugeuza, na njia ya mita 4 haihitaji. Zipo pia za hatua tatu, ila kwa njia ya mita 15 sioni haja nazo. Tafuta iliyo na vishikio vya kuachia gurudumu moja moja wakati wa kugeuka, kwa sababu kwenye mteremko kuizungusha kwa nguvu za mikono ni kazi ngumu.

Kuhusu nishati, sikatai betri. Zipo za hatua mbili zinazotumia betri, hazina moshi wala kamba ya kuvuta, lakini baridi hupunguza uwezo wa betri, kwa hiyo zitunzwe ndani ya nyumba. Ukichagua petroli, usiache mafuta ya zamani tangini msimu mzima wa joto, kwani huziba kabureta, na usiwashe injini ndani ya banda hata mlango ukiwa wazi, kwa kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyo katika moshi wake, haina harufu.

Sasa nisikilize kwa makini. Theluji iliyolowa huziba bomba, na mkono hutaka kwenda wenyewe kuizibua. Usiuingize kamwe, hata injini ikiwa imezimwa, kwa maana pangaboi lililokwama laweza kubaki na mkazo na kuzunguka ghafla mara kizuizi kinapotoka. Zima, ngoja kila kitu kitulie, ondoa waya wa plagi ya injini au betri, kisha tumia kijiti kinachokuja na mashine. Ukiwa na glavu nene utajiona salama zaidi, lakini vidole vya watu wengi vimepotea namna hiyo.

Kabla hujalipa, pima upana wa mlango wa banda na nafasi iliyobaki nyuma ya gari, halafu uniandikie vipimo hivyo pamoja na upande ambao upepo huvuma mara nyingi, ili tuamue theluji yote hiyo itarushiwa wapi.

Mama yako akupendaye.