Klachi mpya, lakini gia bado zinakwaruza

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninafufua pikapu ya mwaka 1984 iliyolala miaka sita bila kuwashwa. Nimefunga klachi pleti, presha pleti na beringi ya klachi, vyote vipya. Injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia vizuri. Nikiiwasha, namba moja inagoma na rivasi inakwaruza vibaya. Nikipampu pedali mara mbili tatu, gia inaingia. Sioni mafuta yakidondoka popote. Rafiki yangu anasema pleti imefungwa kinyume, nishushe giaboksi tena. Nishushe?

JIBU: Marahaba. Usiishushe kwanza. Pleti iliyofungwa kinyume haijui kama umepampu mara moja au mara kumi, itagoma vilevile. Kwako kupampu kunasaidia, kwa hiyo mimi ningeanza kwenye mafuta ya klachi: ama mna upepo ndani, ama masta, yaani silinda inayosukuma mafuta hayo, haishikilii presha. Ziko mbili: ya juu kwenye pedali, ya chini kwenye giaboksi.

Nasema hivi kwa uchungu, maana pikapu yangu niliishusha giaboksi mara mbili kwa dalili hizihizi. Siku mbili mgongo chini, na kila kitu huko ndani kilikuwa kizima. Baadaye nilimwomba mwanangu akanyage klachi na kuishikilia, mimi nikalala chini nikaangalia ule mti wa masta ya chini unaosukuma uma wa klachi, ule wenzo unaoiachia klachi. Ulitoka vizuri. Halafu, mguu wa mtoto ukiwa palepale sakafuni, ukaanza kurudi taratibu, kama mtu anayetoa pumzi. Nje hapakuwa na tone hata moja. Mafuta yalikuwa yanapenya kwenye mpira wa ndani wa masta ya juu na kurudi kwenye kikopo chake.

Nilipoifungua ile masta niliona sababu. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi, hunyonya unyevu wa hewani. Gari likilala muda mrefu, unyevu ule hula ukuta wa silinda. Ukuta wa yangu ulikuwa na vishimo vya kutu, ukipitisha ukucha unakwama. Nilikuwa nimeshaweka mipira mipya humo, na vishimo vikaichana. Yako imelala miaka sita, kwa hiyo ukikuta vishimo badilisha masta nzima, usihangaike na mipira.

Fanya jaribio hilohilo leo. Funga hendibreki, weka kuni au jiwe kwenye matairi, gia iwe huru, injini imezimwa. Mwenzako akanyage mpaka mwisho. Pima kwa rula mti unatoka kiasi gani: kwenye pikapu nyingi za aina hii ni sentimita moja na zaidi kidogo, ila kipimo kamili kitafute kwenye kitabu cha gari lako. Ashikilie dakika nzima. Ukirudi wenyewe, ni masta, ya juu au ya chini. Ukitoka kidogo tangu mwanzo lakini ukaongezeka akipampu, toa upepo. Pia shika kiganjani ule mpira wa bomba unaopitisha mafuta ya klachi wakati anakanyaga. Ukiusikia unavimba, umechoka, utupe. Ndani ya kabini, funua kifuniko cha mpira nyuma ya masta ya juu. Pakiwa na majimaji, umeshampata mwizi.

Kama pedali inashuka sana kabla ya kugusa kitu, kagua na pini inayoiunganisha na masta ya juu. Tundu likilika na kuwa refu, milimita tatu zinazopotea pale zinafika kwenye mguu zikiwa zimezidishwa mara kadhaa.

Wakati wa kutoa upepo, niplo, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini, ifungwe kabla mguu haujaachia pedali, na kikopo kisikauke hata mara moja, kikikauka unaanza upya. Na kwa kuwa najua rangi umeipiga kwa shida: mafuta haya yanababua rangi. Yakimwagika, mwaga maji mengi papo hapo, usingoje umalize kazi.

Mti ukitoka wote, ukakaa, na gia bado zinakwaruza, hapo rafiki yako atakuwa na hoja. Angalia pleti, uma, na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), maana ikikwama huzungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikiwa imeachia. Niandikie kwanza milimita ulizopima, kabla hujalegeza bolti ya giaboksi.