Soma Tarehe ya Sampuli Kabla ya Kuamini Rangi ya Ramani

Kwa wenzetu mnaoishi kusini mwa California, habari za usafi wa maji ya ufukweni zimejaa mtandaoni. Kaunti ya San Diego inazo sdbeachinfo.com, Los Angeles inazo kwenye tovuti ya idara yake ya afya ya umma, na shirika la Heal the Bay lina Beach Report Card, ambayo hupa kila ufuo alama kuanzia A+ hadi F, kama mtihani wa shule. Shida ni kwamba wengi wetu tunaona kijani kwenye ramani, tunapakia watoto na majokofu ya mkononi, safari inaanza.

Gusa jina la ufuo kwanza, utafute tarehe ya sampuli. Sheria ya California inataka fukwe zenye watu wengi zilizo karibu na mitaro ya maji ya mvua zipimwe angalau mara moja kwa wiki, kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Kwa hiyo kijani cha Jumamosi chaweza kuwa cha maji ya Jumatatu, ambayo yalishakwenda zake na mkondo.

Juu ya hapo kuna muda wa maabara. Katika kipimo kilichozoeleka, maji ya bahari huzimuliwa mara kumi, yakachanganywa na unga maalumu na kumiminwa kwenye trei ya plastiki yenye vishimo 97. Trei hufungwa na kukaa kwenye joto la nyuzi 41 za Selsiasi kwa saa 24. Kishimo chenye enterokokasi, bakteria wanaotumiwa kama dalili ya kinyesi, hung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Vinavyong'aa huhesabiwa, na jedwali hutoa makisio. Bakteria hawa huishi matumboni. Mara nyingi wanaokuharisha si wao bali virusi vilivyokuja nao kwenye kinyesi kilekile.

Kikomo cha California kwa sampuli moja ni enterokokasi 104 katika mililita 100. Ukiona "<10" usidhani ni sifuri: maji yamezimuliwa mara kumi, na chini ya hapo kipimo hakioni kitu. ">24196" maana yake vishimo vyote vimeng'aa na idadi halisi haijulikani. Na kwa maoni yetu, 98 na 110 ni maji yaleyale, hata kama moja imepita na nyingine imeshindwa. Tazama matokeo ya wiki nne au tano mfululizo. Ufuo unaoruka kutoka 10 hadi 600 na kurudi una chanzo cha uchafu jirani.

San Diego ina jambo lake. Tangu Mei 2022 kaunti hiyo hupima vinasaba vya bakteria, na jibu hupatikana siku hiyohiyo. Kikomo cha kipimo hiki ni nakala 1,413 za vinasaba katika mililita 100, kwa hiyo usikilinganishe na 104. Kipimo hiki huhesabu hata vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, ndiyo maana kimezua malalamiko. Huko Imperial Beach, Mto Tijuana unapomwaga maji taka na mawimbi yakitoka kusini, uchafu husukumwa kaskazini hadi Coronado. Angalia basi na utabiri wa mawimbi.

Maneno nayo yana uzito tofauti. Ufuo "kufungwa" ni maji taka yamemwagika au yanashukiwa kumwagika: usiingie hata kifundo cha mguu. "Tahadhari" ni bakteria wamevuka kikomo. Tahadhari ya mvua ni ya pwani nzima na hudumu saa 72, kwa hiyo usiitafute kwenye alama ya ufuo mmoja.

Kijani cha ufuo mzima pia hakifuniki mdomo wa mtaro. Kaa yadi 100, yaani kama mita 90, kutoka mtaro unaotiririka, hata jua likiwa kali. Vidimbwi vinavyopendwa na watoto wadogo, kama Mother's Beach kule Marina del Rey, vimetulia kwa sababu mawimbi hayafiki, na maji yasipofikiwa na mawimbi hayabadiliki haraka. Hapo tungedai alama nzuri kwa wiki kadhaa kabla ya kumruhusu mtoto anayemeza maji.

BEACON ya shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, ifungue unapotafuta historia ya ufuo, tuseme kabla ya kuhamia karibu nao. Data zake hutoka majimboni na huchelewa, hazifai kwa kuoga leo.

Ukikuta bango mchangani linapingana na ukurasa, fuata bango. Ukurasa ukisema salama lakini maji yananuka choo au ni ya kahawia, bakini nje na mpige simu kwenye namba ya kaunti iliyo kwenye ukurasa huo. Taja jina la ufuo, mnara wa waokoaji ulio karibu, saa, na kama mtaro unatiririka.